Setilaiti Ihudumie Shule na Hospitali za Wasso

Wasso iko katika Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Mtumishi wa Serikali anayetoka Arusha kwa njia ya Mto wa Mbu hupita Engaresero, chini ya mlima Oldonyo Lengai, na safari hiyo humchosha. Kuvuta waya wa mawasiliano katika nchi ya namna hiyo, ambako wafugaji wametawanyika, ni gharama isiyompa mfanyabiashara faida ya haraka.

Setilaiti haizuiwi na milima wala mabonde. Ile iliyowekwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, huzunguka sambamba na dunia, hata ikaonekana kama imetulia mahali pamoja. Setilaiti moja huweza kuona karibu theluthi ya dunia. Kwa uwezo wake huo, sauti, picha na maandishi hufika Wasso sawasawa na Dar es Salaam.

Hata hivyo, setilaiti hiyo ni mali ya biashara. Mawimbi yake huangukia kila paa, lakini humnufaisha yule tu aliyelipia. Watumiaji wakiwa wengi, nafasi hugawanywa na kasi hupungua. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi. Setilaiti za karibu zaidi, kama zile za Starlink zilizo umbali wa kilomita 550 hivi, hupunguza ucheleweshaji wa sauti. Huduma hiyo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, ng'ambo tu ya mpaka wa Loliondo. Lakini nayo huuzwa kwa mwenye fedha.

Afrika iliwahi kutafuta njia nyingine. Kupitia shirika la RASCOM, lililoundwa na nchi za Afrika, setilaiti ilirushwa Desemba 2007 ili kupeleka simu vijijini. Gesi ya heliamu ilivuja na kufupisha maisha yake, na nyingine ikarushwa Agosti 2010 kushika nafasi yake. Hitilafu ile ilikuwa ya mtambo. Shabaha ya kuwafikia wanavijiji kwa nguvu ya pamoja ilibaki kuwa sahihi.

Tanzania ilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo biashara peke yake haizifikii. Hivyo basi, nafasi ya setilaiti inunuliwe kwa pamoja kwa ajili ya shule zote za wilaya na Hospitali ya Wasso, pamoja na umeme wa jua na fundi aliyefunzwa. Kila mwalimu akiachiwa ajinunulie dishi kwa mshahara wake, teknolojia hii itapita juu ya vichwa vya wanafunzi wake bila kuwafaa kitu.