Mwacheni Mama Apange Foleni

Hapa Nyarugusu tumeamua kwamba kumheshimu mzee ni kumkalisha. Tunamchukulia posho, tunamtekea maji, tunampikia, hata swali la daktari tunamjibia. "Mama halali vizuri," nilisema mimi mwenyewe pale zahanati, naye amekaa hapo hapo, masikio yake mazima.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana kamati yetu ilikuja na wazo zuri, eti wazee wasisimame tena kwenye foleni ya posho, kijana atawaletea nyumbani. Tukapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza yeye. Kumbe foleni ile ndiko alikokutana na wenzake wa Fizi, akichungulia kikombe cha kupimia, akiamua unga kiasi gani auze apate dagaa. Baada ya miezi miwili usingizi ukakata kabisa, presha ikapanda. Dawa anazo, na azimeze. Lakini nani atamrudishia neno lake?

Msiniambie haya ni maringo ya uzee. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja walipewa mche wautunze wenyewe, wakachagua na siku ya kuangalia sinema. Ghorofa nyingine miche ilimwagiliwa na wauguzi, siku ya sinema wakapangiwa. Wale wa kwanza walichangamka zaidi. Baada ya miezi 18, waliokufa kati yao walikuwa asilimia 15. Kundi la pili, asilimia 30. Walikuwa watu wachache, hawakufika mia, kwa hiyo asije mtu kuanza kuuza miche kama dawa. Lakini mche mmoja tu, jamani!

Na mzee wa hapa amenyang'anywa mangapi? Shamba lilibaki ng'ambo ya ziwa. Kutoka kambini ni mpaka kibali. Lini atarudi kwao, wanajua wengine. Makubwa yote yamekwisha kwenda, halafu sisi watoto wake, kwa upendo kabisa, tunamalizia madogo.

Mguu ukimuuma, mpelekee kiti kwenye foleni. Akitaka kuuza unga, auze, hata kama wewe ungeula.

Wiki iliyopita mama alitoa kadi yake kwenye mfuko wa koti langu, hakuniomba. Nikamfuata nyuma na kiti.