TUSIFICHE KUKATALIWA

Mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London, mwezi wa Februari 2007, na Waziri wetu ndiye aliyevuka bahari kwenda kuutia. Mgodi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2009 chini ya kampuni ambayo shina lake lilikuwa Toronto, nchini Kanada, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Katika miaka hiyo yote wahandisi na wakubwa wa kampuni waliingia Kahama na kutoka. Dhahabu nayo ilitoka, na mchanga wa madini ulipakiwa katika makontena kwenda ng'ambo mpaka Serikali ilipouzuia mwaka 2017. Makontena 277 yalikutwa bandarini Dar es Salaam.

Twayakumbusha hayo kwa sababu njia hiyo hiyo, ya kutoka Kahama kwenda Kanada, si nyepesi hivyo kwa mzazi anayetaka kumwona mwanawe.

Tumfikirie mama wa Mwendakulima, kata ambayo mgodi ule ulikuwamo. Bintiye anafanya kazi Kanada, amejifungua, naye ataka mama yake aje akae naye siku zile 40. Mama ameomba viza mara mbili, na mara mbili amekataliwa. Barua aliyoletewa ni fupi: hajawahi kusafiri nje, mali yake haikuthibitika, na afisa hakuridhika kwamba atarudi kwao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 179, zamtaka afisa aridhike kwamba mgeni ataondoka muda wake ukiisha, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Sisi twaona kuwa huku ni kumdhania mtu kosa kabla hajalitenda. Mkanada anayetaka kuja kwetu hulipa dola 50 za Kimarekani, akajaza fomu kwa mtandao, wala hatumwulizi ana ng'ombe wangapi.

Na hao ng'ombe ndio hoja yenyewe. Mama yule ana shamba la mpunga alilolilima tangu alipoolewa. Ana ng'ombe, ana wajukuu wengine watano nyumbani, na kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba. Nani katika Kahama nzima atakayeamini kwamba mtu huyo atayaacha hayo akajifiche katika theluji? Lakini afisa hayuko Kahama. Yeye huona karatasi tu, na katika hayo yote hakuna hata moja lenye karatasi. Kilicho na karatasi ni akaunti ya benki iliyofunguliwa juzi, ambamo bintiye alitia milioni kadhaa wiki moja kabla ya kuomba. Karatasi hiyo haimsaidii. Humtia afisa shaka, kwa kuwa fedha haina asili. Ingefaa zaidi binti aseme waziwazi kwamba nauli na matumizi ni juu yake, akaambatisha barua ya mwajiri wake na hati za mshahara.

Hapo ndipo vishoka wanapoingia. Wamwambia mama achukue pasipoti mpya, kisha katika fomu aandike kwamba hajapata kukataliwa popote. Ndugu wasomaji, ushauri huu ni sumu. Alama za vidole alizozitoa mara ya kwanza zinadumu miaka 10 katika kumbukumbu za Kanada, na vidole havibadilishwi pamoja na pasipoti. Fomu yauliza kama umepata kukataliwa na Kanada au na nchi nyingine yoyote. Anayedanganya huweza kufungiwa miaka 5 kwa kifungu cha 40 cha sheria yao. Kukataliwa si kosa, na anayekukiri bado ana mlango.

Mlango wenyewe hupitwa kwa kujibu, si kwa kurudia. Kuleta karatasi zile zile mara ya tatu ni kununua jibu lile lile. Binti aliyeko Kanada aweza, kwa idhini ya mama yake, kuomba maelezo aliyoyaandika afisa, kwa ada ya dola 5 za kule. Na tangu Julai 2025 baadhi ya barua za kukataa huja na maelezo hayo. Yakisomwa, kila shaka ijibiwe kwa hati yake. Mahakama ya Shirikisho nayo ipo, ndani ya siku 60, lakini haitoi viza. Hurudisha shauri kwa afisa mwingine, na mawakili hawafanyi kazi bure. Kwa mzazi ambaye mwanawe ni raia au mkaazi wa kudumu iko pia viza ya wazazi iliyoanzishwa mwaka 2011, inayoruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa mara moja. Hiyo yataka kipimo cha daktari, bima ya dola 100,000 na kipato cha kutosha cha mwana. Si ya kila mtu.

Lakini tusiwalaumu Wakanada peke yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya mwaka 1999, na hata leo wakulima wengi hawana Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Wazazi wengi hawakuwaandikia watoto wao vyeti vya kuzaliwa. Jina la mama katika kitambulisho cha taifa ni moja, katika cheti cha mwanawe ni jingine, na kiapo cha kuyaunganisha hakijaandikwa. Twawataka watendaji wa vijiji na kata, mabaraza ya ardhi, na ofisi za RITA wilayani wawape wazee hati hizi bila kuwazungusha. Hazitafaa kwa viza tu. Zitafaa kwa mkopo na kwa mirathi. Vyama vya wafanyakazi navyo viwasaidie waliopunguzwa migodini kupata barua za utumishi wao.

Ada ya kuomba upya ni dola 100 za Kanada, nayo hairudishwi. Ile 85 ya alama za vidole mama wa Mwendakulima hatailipa tena, maana miaka 10 haijapita. Kwa hiyo safari hii hatalazimika kupanda basi kwenda Dar es Salaam ili apigwe alama. Nauli hiyo na aipeleke kwa mfasiri wa hati zake.