Chungu Kisichopikiwa

Vitu adimu ni vya namna mbili. Kuna kilicho adimu kwa sababu kilitengenezwa kidogo, na kuna kilicho adimu kwa sababu kilitengenezwa kwa wingi kisha kikafungiwa. Chungu cha chuma cha kusubu ambacho Wamarekani walisafiri nacho porini na kambini, chenye miguu mitatu, mkono wa waya na kifuniko kilichoinuliwa ukingo, ni cha namna hii ya pili. Hakikutoweka kwa vita wala kwa tufani. Kimetoweka mikononi mwa watu wanaodai kukipenda, na mapenzi hayo ndiyo yanayostahili kuhojiwa.

Msomaji wa visiwani hahitaji maelezo mengi juu ya kazi ya chombo hiki. Aliyewahi kupalia wali, au kuusubiri mkate wa kumimina uive baina ya makaa ya chini na makaa ya juu, anaijua siri yake yote. Miguu mitatu hukiinua chungu juu ya makaa bila ya kuhitaji mafiga. Ukingo wa kifuniko huyazuia makaa ya juu yasiporomoke, wala majivu yasiingie chakulani. Uzito wa chuma hulihifadhi joto na kulitawanya. Ndiyo maana Waingereza na Wamarekani hukiita tanuri la Kiholanzi: ni tanuri linalobebeka, lisilodai ukuta wala umeme.

Asili yake haikuwa ya kifahari hata kidogo. Mnamo 1707 Abraham Darby, Mwingereza wa Bristol, alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Shabaha ilikuwa unafuu: chuma kichukue nafasi ya shaba nyeupe, na mtu wa kawaida apate chungu kwa bei anayoiweza. Hata pale chombo kilipoingia katika nyumba zenye uwezo, kilithaminiwa kwa kazi yake. Mary Ball Washington, mama yake George Washington, aliandika katika wosia wake wa 1788 kwamba vyombo vyake vya chuma vya jikoni wagawiwe wajukuu. Hakuvirithisha ili vitazamwe. Alivirithisha kwa sababu nyumba isiyokuwa na chungu haina chakula.

Baadaye vilikuja viwanda vikubwa vya vyombo vya chuma. Griswold wa Erie, Pennsylvania, walianza 1865 na kufunga milango 1957. Wagner wa Sidney, Ohio, walianza 1891. Lodge wa South Pittsburg, Tennessee, walianza 1896 na hadi leo wanasubu. Vyombo vilitoka kwa wingi, navyo havikuzwi na wakati: chuma kinachopakwa mafuta na kupashwa moto mara kwa mara hufanya ngozi nyeusi isiyoshika chakula wala kutu. Basi vimekwenda wapi?

Vingine viliyeyushwa kuwa vyuma chakavu. Vingine vilipasuka, kwani chuma cha kusubu ni kigumu lakini si kistahamilivu. Maji baridi yakimwagwa juu ya chungu cha moto, mlio mmoja hukatisha umri wa miaka mia. Lakini sehemu kubwa ya vile vinavyosakwa leo imepangwa rafuni na kutundikwa ukutani kwa mafungu, kila fungu likipigiwa hesabu ya namba na alama.

Hapo ndipo penye dhulma. Mpishi aliyerithi chungu cha bibi yake bila ya kifuniko hatafuti utukufu. Anatafuta kipande kimoja chenye kipenyo kilekile na ukingo uleule. Hawezi kukipeleka kifuniko cha jirani kwa msubu ili kiwe mfano wa kalibu, kwa kuwa chuma kinapopoa hupungua kiasi cha sehemu moja katika mia. Kifuniko cha inchi kumi na mbili kikisubiwa hivyo hupungua karibu milimita tatu, na kilichokusudiwa kukaa hutikisika au huzama. Upungufu huohuo ndio unaowaumbua waghushi wanaonakili vyombo vya viwanda vilivyokufa. Kwa hiyo hana budi kuzunguka minada na maduka ya vikuukuu, na kila afikapo hukuta ametanguliwa na mtu ambaye hajawahi kukipikia hata uji, lakini namba yake ilikuwa inapelea katika safu.

Watetezi wa wakusanyaji wana hoja, na hoja yao isidharauliwe. Husema kwamba bila wao vyombo hivi vingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwamba wao ndio waliozipambanua alama za viwanda na kuzipa tarehe. Hayo ni kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari, nao wameandika daftari. Lakini daftari si mali. Aliyeokoa kisima kisifukiwe, kisha akakifunga kwa kufuli, hajamnywesha mtu maji. Aidha, wengi wao hukichovya chungu katika magadi makali ya kutengenezea sabuni hadi ngozi yake nyeusi ibanduke yote. Kwa chungu kilichooza kwa masizi na kutu, hiyo ni tiba. Kwa chungu kizima, ni kuifuta kazi ya mikono iliyokilea, kisha kukiuza kwa jina la historia.

Wapo watakaosema: anayetaka kupika na anunue kipya. Jawabu hili linatosha kwa anayeanza, wala halimfai mwenye chungu kilichopungua. Tena vya kale vingi vilichongwa ndani hata vikawa laini, ilhali vipya kwa kawaida huachwa na mkwaruzo wa mchanga wa kalibu. Tofauti hiyo huonekana motoni. Rafuni haionekani. Anayeihitaji ndiye hasa anayenyimwa.

Penye nia pana mfano. Mwaka 1997 jimbo la Utah lilikitangaza chungu hiki kuwa chungu rasmi cha jimbo. Tangazo lenyewe lisingekuwa na uzito wowote lau watu wa huko wasingekipikia. Wanakipikia, na hushindana kukipikia hadharani, makaa juu na makaa chini. Huko ndiko kuhifadhi. Ujuzi wa kuhesabu makaa mangapi yawekwe chini na mangapi juu hauandikiki kwenye alama ya kiwanda. Huishi mkononi, na mkono usiofanya husahau.

Wala jambo hili si la Marekani peke yake. Kuna kuta za mahoteli katika pwani hii zilizopambwa kwa mbuzi za nazi zisizokuna na birika zisizomimina, na mgeni huambiwa kwamba hayo ndiyo mapenzi ya utamaduni. Wakati huohuo kijana wa mjini huuliza kupalia ni nini. Hakuna aliyemwibia mbuzi wala seredani. Alichopokonywa ni sababu ya kuvishika.

Kwa hivyo mwenye vifuniko saba vya namba moja na ajiulize ni chungu gani, katika nyumba gani, kinachokaa wazi kwa ajili yake. Akiuze kwa bei ya chombo, au akiazime, au akitie moto mwenyewe. Chuma hakihitaji kuonewa huruma; kimestahamili miaka mia motoni. Kinachoangamia ni mkate ambao haukuokwa.