Bado Mdogo, Hasikii

Desemba iliyopita nilikuwa Katangi, nimeshika miguu ya mwanambuzi wa siku tano huku mjomba akimvisha mpira wa kuhasi. Mpira ulipobana, alilia mpaka mama yake akaanza kuvuta kamba. Nikauliza, kwani hakuna ganzi? "Ganzi ya nini? Bado mdogo, hasikii."

Sina ugomvi na kuhasi mapema. Ugomvi wangu ni na hilo neno "hasikii", manake si la Katangi pekee. Madaktari wenye digrii waliliamini. Hadi miaka ya 1980, Uingereza na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa na dawa kidogo mno ya maumivu, wengine bila kabisa. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake kule Oxford wakaonyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa hiyo wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wale walionyimwa.

Maria Fitzgerald wa London amechunguza panya wachanga miaka mingi. Kwa panya, neva zinazopeleka habari ya maumivu hufika uti wa mgongo kabla hata ya kuzaliwa. Kinachochelewa ni breki, yaani zile njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kutuliza maumivu, ambazo hukomaa kama wiki ya tatu hivi. Ndiyo maana kinda huvuta mguu kwa mguso hafifu ambao panya mkubwa asingejali. Udogo, basi, si ganzi.

Mbuzi naye si panya. Huzaliwa macho wazi, na muda si mrefu anasimama na kutafuta titi. Baridi anasikia, njaa anasikia, sauti ya mama anaijua. Iweje maumivu tu ndiyo yamngoje akue?

Utaniambia atasahau. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake, Toronto, waliripoti kwamba wavulana waliotahiriwa wachanga bila ganzi walilia zaidi walipodungwa chanjo miezi minne hadi sita baadaye. Kichwa kinaweza kusahau, mwili je?

Tuseme ukweli basi: hatutumii ganzi kwa sababu inagharimu pesa na daktari wa mifugo yuko mbali. Hiyo ni sababu, tunaweza kuijadili. "Hasikii" ni kisingizio. Desemba hii namwita daktari, bili ni yangu. Nawe unayetafuna mbuzi choma kila wikendi, siku moja uliza alihasiwa vipi.