Harimu ya Mto Gucha

Nalikwenda Kisii kutembea ukingoni mwa Mto Gucha nikitaraji ndege. Nilipokewa na mikaratusi. Imejipanga safu kwa safu hadi majini, na chini yake pakavu.

Tusiwalaumu upesi Wakisii. Mashamba yao ni vipande, vimegawiwa baba hadi mwana, na nguzo za mkaratusi ndizo karo ya shule. Lakini mti huo hunywa maji mno. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru ung'olewe penye vyanzo vya maji. Ungali umesimama.

Chuoni tulisomeshwa kwamba mto una harimu yake: ukingo usiomilikiwa na mtu, ili maji yasidhuriwe wala mnywaji asizuiwe. Sheria ya serikali nayo inalinda ukingo. Maana ni moja, ila harimu yataka hofu ya Mungu, si askari.

Korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, hujenga kiota kinamasini, na tangu 2012 amehesabiwa katika viumbe walio hatarini kutoweka. Palipobaki matete, kipande kama ua wa nyumba, niliwaona wawili. Mwenye shamba akaniambia hapo hakupanda miti kwa kuwa ndipo ng'ombe wake wanywapo.