Kuizunguka Corsica kwa Tanga: Mpango si Kalenda

Katika mazoezi ya hesabu ya shule za sekondari, swali la namna hii si geni: chombo kina mwendo wa maili 5 kwa saa; je, kitachukua saa ngapi kusafiri maili 270? Mwanafunzi hugawanya, hupata saa 54, na mwalimu humtilia alama ya vema. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mtu anayepanga mapumziko yake kwa mashua ya tanga, akikusudia kukizunguka kisiwa cha Corsica katika Bahari ya Kati, hapaswi kuishia hapo. Zoezi halikumwuliza jambo kubwa kuliko yote: jibu hilo ni kweli katika hali gani?

Corsica ni kisiwa cha Ufaransa chenye urefu wa kilomita 183 na upana wa kilomita 83. Milima yake hupanda ghafla kutoka baharini, na kilele chake kirefu, Monte Cinto, kina mita 2,706. Ukingo wake umejaa ghuba na rasi, hivyo kwamba anayeufuata hatua kwa hatua husafiri karibu kilomita 1,000. Lakini chombo kinachokata kutoka rasi hadi rasi hupita takriban nusu yake, yaani maili za bahari 270 hivi. Kila kiangazi watu wengi hukodi mashua huko kwa wiki moja au mbili. Kalenda hufunguliwa, ramani hutandazwa, na kila usiku hupewa bandari yake: Jumatatu Calvi, Jumanne Girolata, Jumatano Ajaccio. Saa 54 zikigawanywa kwa siku 14 hazifiki hata saa 4 kwa siku. Safari huonekana kuwa nyepesi kabisa.

Mpango wa namna hiyo una kasoro ya kisayansi, nayo yaweza kugharimu maisha ya watu. Mpango ufaao huorodhesha masharti kabla ya tarehe, na kando ya kila sharti huandikwa uamuzi utakaofuata iwapo litakosekana.

Kosa la kwanza la kalenda ni kuuchukulia upepo kana kwamba ni mtumishi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anazijua kaskazi na kusi. Manahodha wa majahazi yaliyokwenda Arabuni kutoka Lamu, Mombasa na Unguja waliweza kupanga safari zao kwa miezi, kwa kuwa pepo hizo za msimu hugeuka kwa utaratibu mmoja mwaka baada ya mwaka. Bahari ya Kati haina utaratibu wa namna hiyo. Katika siku tulivu za kiangazi, asubuhi huwa shwari. Jua lipandapo, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wa baharini huvuma mchana kuijaza nafasi yake. Jioni hutulia. Lakini mgandamizo mdogo wa hewa ukijiunda katika Ghuba ya Genoa, hewa baridi hushuka kwa nguvu kupitia bonde la mto Rhône, kati ya milima ya Alps na nyanda za juu za katikati ya Ufaransa. Huo ndio mistral, upepo uwezao kufika Corsica chini ya anga safi lisilo na wingu. Upo pia libeccio, utokao kusini-magharibi, ambao husukuma mawimbi yaliyokua katika eneo pana la bahari hadi kwenye ghuba za magharibi mwa kisiwa.

Mahali penye somo zuri kuliko pote ni Mlangobahari wa Bonifacio, wenye upana wa kilomita 11 hivi, kati ya Corsica na Sardinia. Visiwa vyote viwili vina milima. Hewa itokayo magharibi hubanwa kati yake, na kwa kuwa kiasi kile kile cha hewa hakina budi kupita katika nafasi ndogo, mwendo wake huongezeka. Hivyo upepo wa wastani huko nje huweza kuwa upepo mkali ndani ya mlango. Tena msukumo wa upepo katika tanga hukua kwa kadiri ya mraba wa mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne, ukizidi mara tatu, msukumo huzidi mara tisa. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hiyo hahitaji kuambiwa kwa nini baharia hupunguza tanga mapema, kabla upepo haujamlazimisha.

Mlango huo una kumbukumbu zake. Mwezi Februari, 1855, merikebu ya kivita ya Ufaransa, La Sémillante, iliyochukua askari wa vita vya Crimea, ilipita hapo katika dhoruba na kuvunjika kwenye miamba ya visiwa vya Lavezzi. Ilikuwa na watu wapatao 700. Hakuna hata mmoja aliyeokoka, na makaburi yao yangalipo visiwani humo.

Kosa la pili la kalenda ni la jometri. Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Hulazimika kupiga bisho, yaani kwenda mshazari upande huu na kisha upande ule. Ikiwa kila mshazari hufanya pembe ya nyuzi 45 na njia iliyokusudiwa, umbali huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni 1.41. Mawimbi nayo hupunguza mwendo, tuseme kutoka maili 5 hadi 4 kwa saa. Basi ichukuliwe kwamba theluthi moja ya safari ya Corsica itakuwa dhidi ya upepo, dhana isiyo ya kutia chumvi kwa kisiwa kinachozungukwa pande zote. Maili 90 zitakuwa 127 na kuchukua saa 32. Maili 180 zilizobaki zitachukua saa 36. Jumla ni saa 68. Mwenye busara akiweka akiba ya siku 5 kati ya 14 kwa ajili ya upepo mbaya, atabakiwa na siku 9, na kila siku itamdai saa 7 na nusu usukanini. Hapo mapumziko yamekwisha kugeuka kazi ya shokoa. Na aliyekodi mashua kwa wiki moja, hesabu yenyewe inamkataza.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba bandari ni salama siku zote. Kila ghuba ina mlango wake, na usalama wake hutegemea upepo unatoka wapi. Girolata, kijiji kisichofikiwa kwa motokaa bali kwa bahari au kwa miguu, ni pahali pazuri pa kulala. Lakini libeccio ikivuma, mawimbi huingia. Bandari ya Bonifacio, kinyume chake, imejificha ndani ya ufa mrefu wa miamba ya chokaa. Upande wa mashariki, kusini ya Bastia, ufuko ni tambarare na bandari ziko mbalimbali sana. Kwa hiyo maneno “Jumanne, Girolata” ni nusu ya sentensi. Sentensi kamili ni hii: “Girolata, iwapo utabiri hautaji upepo wa kusini-magharibi; la sivyo, kubaki Calvi.”

Hata sakafu ya bahari ina sharti lake. Katika maeneo mengi ya pwani hiyo huota Posidonia oceanica, mmea wa maua uishio chini ya maji na usiopatikana pengine duniani ila katika Bahari ya Kati. Huenea kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na nanga iburutwayo hung'oa katika dakika moja kilichoota kwa miaka mingi. Tangu 2019 serikali ya Ufaransa imekuwa ikivizuia vyombo vikubwa kutia nanga juu yake. Mwenye mashua ndogo naye yampasa kutafuta mchanga, na kama hakuna mchanga, kutafuta ghuba nyingine mchana ungalipo.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba mashaka haya ni ya zama zilizopita. Leo setilaiti huonyesha chombo kilipo, na utabiri wa hali ya hewa husomwa mkononi. Ni kweli kwamba vyombo hivyo vimeokoa watu wengi, na asiyevitumia ni mzembe. Lakini tarehe 18 Agosti, 2022, katikati ya msimu wa likizo, mfululizo wa dhoruba za radi ulivuka bahari kutoka kusini-magharibi na kuipiga Corsica mnamo saa 2 asubuhi. Kituo cha Marignana kilipima upepo wa kilomita 224 kwa saa. Watu 5 walikufa kisiwani na katika maji yake, na mashua nyingi zilizokuwa zimetia nanga zilitupwa ufukoni. Idara ya hali ya hewa, Météo-France, ilipandisha tahadhari asubuhi ile ile, dhoruba ikiwa imekwisha kufika. Kiangazi hicho maji ya magharibi mwa Bahari ya Kati yalikuwa na joto lililozidi kawaida kwa nyuzi kadhaa, na maji ya moto huipa hewa mvuke na nishati ya kulisha dhoruba. Kukua kwa dhoruba ya radi ni jambo la saa chache. Hesabu za watabiri huweza kuonyesha kwamba hali inaelekea huko, zikashindwa kutaja saa na mahali. Utabiri ni kauli ya uwezekano, na anayeusoma kama ratiba ya gari moshi ameusoma vibaya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Likizo ni fupi, mashua yadaiwa kurudishwa siku maalumu, na tiketi ya ndege imekwisha kulipiwa. Msafiri atafanyaje asiwe na kalenda? Jibu ni kwamba tarehe ya kurudi, kwa kuwa haibadiliki, ndiyo itakayomsukuma nahodha kung'oa nanga siku ambayo akili yake inamwambia abaki. Kwa hiyo kinachopasa kupunguzwa ni njia. Aache kuzunguka kisiwa kizima. Achukue upande mmoja, aende na kurudi, na akifika nusu ya siku zake ageuke, popote alipo. Theluthi ya siku iwe akiba. Baina ya siku ya kurudisha mashua na siku ya ndege pawepo usiku mmoja. Atakuwa ameona ghuba chache, lakini ataziona akiwa na utulivu.

Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Ratiba iliyomfaa mtu mwaka jana ilifaa kwa upepo wa mwaka jana.

Mwalimu aweza kulirekebisha zoezi lile bila gharama yoyote. Awape wanafunzi ramani ya Corsica, maili 270, mwendo wa maili 5 kwa saa na siku 14. Baada ya jibu la saa 54, aongeze maswali matatu: ni masharti gani yanalifanya jibu hili liwe kweli, utajuaje kwamba sharti mojawapo limevunjika, na hapo utafanya nini? Swali la kwanza ni la fizikia, la pili ni la upimaji. La tatu halina jibu moja nyuma ya kitabu, na kwa sababu hiyo lastahili kupewa alama nyingi kuliko yote.