Mwanafunzi wa Nchi Kavu Naye Afunzwe Kuogelea

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimama mbele ya ubao nikiwafunza watoto wa Hulugho kwamba kitu huelea iwapo uzito wake unalingana na uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Nimelichora jiwe likizama na gogo likielea, nimeuliza maswali, nimesahihisha majibu, na wengi wamefaulu. Nililowaficha wanafunzi wangu, nami nalikiri leo kwa haya, ni kwamba mwalimu wao alikuwa hajapata kuingia katika maji yaliyompita kiuno mpaka alipotimiza umri wa miaka arobaini na saba. Na alipoingia hakuingia katika Mto Tana wala katika bahari ya Lamu tuliyopakana nayo, bali katika bustani ya michezo ya maji huko Dubai.

Nilikwenda huko mwezi wa Desemba mwaka 2018 kumjulia hali dada yangu. Mwanawe wa miaka tisa, aliyezaliwa na kulelewa huko, alishikilia kwamba mgeni hawezi kuruhusiwa kurudi kwao kabla ya kuiona Wild Wadi. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1999 katika mtaa wa Jumeirah, karibu na ile hoteli maarufu ya Burj Al Arab iliyojengwa kwa umbo la tanga. Neno wadi ni la Kiarabu, nalo ndilo hasa tunaloliita sisi laga: bonde la mto ambao hushinda mkavu ukingoja mvua. Bustani nzima ilikuwa imepambwa kwa visa vya Juha, yule mtu wa ngano za Kiarabu ambaye jina lake limeingia katika Kiswahili na kuwa na maana ya mjinga. Nilipolisoma jina hilo nilicheka peke yangu, maana nilijiona kuwa ndiye niliyekuwa nikingojewa.

Sitaki kumchosha msomaji kwa kusimulia kila nililoliona. Kulikuwa na mtelezo uliopanda zaidi ya mita thelathini, ambao watu walijiachilia kutoka kileleni huku wakipiga mayowe. Niliutazama, nikakumbuka kwamba nina watoto wa kulea, nikapita. Kulikuwa pia na mifereji ambamo maji yaliyosukumwa kwa nguvu za mashine yaliwapandisha watu mlimani badala ya kuwateremsha. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwani ni jambo ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulipita. Kina mama waliokuwa wamejisitiri kuanzia kichwani hadi vifundoni walikuwa wakicheza na watoto wao bila ya mtu kuwashangaa. Mimi, mwanamume mzima niliyekuwa nimevaa suruali iliyonivuka magoti, ndiye niliyekuwa nikitafuta pa kujificha.

Kisa chenyewe kilitokea katika kidimbwi cha mawimbi. Maji yalinifika kifuani, wimbi likaja, miguu yangu ikaiacha sakafu, na ghafla elimu yangu yote ikanitoka. Nilipapatika, nikameza maji, nikaita, “Yarabi!” Mpwa wangu alikuwa kando yangu akicheka. “Lala tu, abti,” aliniambia, “maji yatakubeba.” Yaani kanuni ile ile niliyoifundisha miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikisomeshwa upya na mtoto wa darasa la tatu, tena kwa maneno machache kuliko yangu. Mwokoaji wa zamu, kijana aliyezaliwa Kilifi, alinisikia nikizungumza Kiswahili akaja. Kwa muda wa nusu saa alinishika mgongo kwa kiganja kimoja na kunielekeza: jaza pumzi kifuani, tazama juu, usishindane na maji. Mwishowe alikiondoa kiganja bila ya kuniambia, nami nikabaki juu.

Usiku ule sikulala. Si kwa furaha, ingawa furaha nilikuwa nayo, bali kwa sababu ya mtoto mmoja.

Sitaitaja shule wala mwaka. Ilikuwa baada ya mvua nyingi kunyesha, na silanga lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Mtoto wa darasa la tano alikwenda kuteka maji pamoja na wenzake watatu, tope likamtelezesha. Wenzake walisimama kandokando, nao wangefanya nini? Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Watu wazima waliofika wakikimbia hawakujua pia, nami nikiwa miongoni mwao. Tulizunguka lile silanga tukipiga kelele mpaka ilipopatikana kamba, na kamba ilipopatikana muda ulikuwa umekwisha. Palipotoka pale alipokuwa hadi penye ardhi kavu hapakuzidi hatua sita. Katika mtihani wa muhula uliotangulia, mtoto yule alikuwa amelijibu sawasawa swali la vitu vinavyoelea na vinavyozama.

Wapo watakaosema kwamba kufa maji ni msiba wa watu wa pwani na wa ziwani, na kwamba adui yetu sisi wa Kaskazini Mashariki ni ukame. Nilikuwa nikisema hivyo mimi pia. Lakini nchi kavu haina maana ya nchi isiyopata maji kamwe. Ina maana ya nchi ambayo maji huyafikia kwa nadra, na aghalabu yakija huja kwa fujo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilituponyoka mfululizo, mifugo ikaangamia. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja El Nino, na watu wale wale waliokuwa wakiomba tone la maji wakawa wanayakimbia. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, mafuriko yalipoikata barabara baina ya mji wa Garissa na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka hapo Kona Punda na roho za watu zikapotea. Mtu aliyekulia kando ya bahari hukutana na maji kila siku, akazijua hila zake. Sisi hukutana nayo yakiwa yamekwisha kukasirika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza umri wa miaka thelathini. Miongoni mwa mambo ambayo shirika hilo huyahimiza ni kuwafunza watoto wa shule kuogelea na kujihadhari na maji, na kuweka vizuizi mahali ambapo watoto huweza kutumbukia. Wala rai hii si ya kizungu, kama baadhi ya wazee wetu watakavyodhani. Yako mapokeo mashuhuri yanayonasibishwa na Khalifa Umar, ya kuwataka wazazi wawafunze watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Misikitini tunayasikia. Baada ya kuyasikia tunarudi nyumbani.

Hata mtaala wetu wa umilisi ulipoanzishwa uliweka uogeleaji miongoni mwa masomo ya viungo tangu madarasa ya chini. Mwalimu wa Hulugho akifika ukurasa huo hufanya mambo mawili: ama huuruka, ama huwalaza watoto mchangani wakapiga mikono na miguu kama vyura walioachwa na mvua. Nimefanya yote mawili. Simlaumu mwalimu, kwani hawezi kutoa kile ambacho hakupewa. Ninachouliza ni vipi watunzi wa mtaala walitarajia somo hilo lifundishwe katika wilaya ambayo mwalimu na mwanafunzi wote ni wageni wa maji.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu zito. Nitaambiwa: watu hawana maji ya kunywa, nawe wataka ya kuchezea? Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na wapo wanafunzi wangu ambao haki hiyo wanaijua kwa kuisoma tu. Nakubali kwamba maji ya kunywa ndiyo ya kwanza. Ila tusijidanganye kuwa ukame ndio uliotunyima. Dubai hupata mvua ndogo kuliko Garissa. Maji yake mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi katika mitambo ya Jebel Ali. Wanafanya hivyo kwa gesi na fedha tusizokuwa nazo, hilo ni kweli. Lakini Kiunga hawana gesi. Kusini mwetu, ng'ambo ya msitu wa Boni, shirika la GivePower lilijenga hapo mwaka 2018 mtambo wa kuyatoa maji chumvi kwa nguvu za jua. Sisi ambao maji ya ardhini katika sehemu kubwa ya kusini mwa Garissa ni ya chumvi, tungekuwa tumekwisha kutuma watu Kiunga kujifunza.

Wala siombi kidimbwi cha kuogelea kijengwe Hulugho. Silanga ni la kunywea, na mtoto hapaswi kujifunzia humo. Ninachoomba ni kwamba kila silanga lililo karibu na shule lizungushiwe ua wa seng'enge na litengewe mahali pamoja pa kutekea penye ngazi za mawe. Na katika mji wa Garissa, ambako timu za shule hukusanyika kila mwaka kwa mashindano, kaunti ijenge kidimbwi kimoja, wavulana na wasichana wapangiwe nyakati zao mbalimbali, na walimu wa michezo wafunzwe humo kwanza. Siku tano zinatosha kumfunza mtoto kulala juu ya maji na kungoja msaada. Mimi, mzee mwoga, ilinichukua nusu saa.

Kwa sasa, katika shule yetu, tumefanya tuliloliweza. Mtungi mtupu wa lita ishirini, kizibo chake kikiwa kimekazwa barabara na kamba ya mita kumi ikiwa imefungwa kwenye mkono wake, umetundikwa juu ya mgunga ulio kando ya silanga. Watoto wa darasa la nne hadi la nane wamefunzwa kuutupa, nao hufanya mazoezi kila Ijumaa asubuhi, mmoja akijifanya anazama katika vumbi. Kamba iliibwa mara moja. Tulichanga, tukanunua nyingine.